Ng'ombe wameingia shambani: nani anasuluhisha, nani anaamua, na kwanini ugomvi unarudi kila mwaka

Kiangazi kikianza kukaza habari zinakuwa zile zile, ng'ombe wameingia kwenye mpunga, vijana wamekatana mapanga, mkuu wa wilaya kafika na polisi kawakutanisha wazee wa pande mbili wamepeana mikono mbele ya kamera, alafu mwaka unaofuata kijiji kile kile kinarudi tena kwenye habari. Watu wakianza kulijadili kila mmoja ana dawa yake, huyu anasema wafugaji warudishwe kwao, yule anasema wakulima ndo wamelima mpaka njia ya mifugo, mwingine anasema si waende tu baraza la kata likaamue, mwingine anasema mambo ya mahakama hayajengi, wazee wakae waridhiane yaishe. Ukisikiliza vizuri unagundua usuluhishi, hukumu na maridhiano watu wanavitumia kama kitu kimoja, na mgogoro na mapigano nayo wanayaona kitu kimoja. Sio kitu kimoja, na kuvichanganya kumewapotezea watu wengi muda na hela, na wengine maisha kabisa.

Tuanze na mgogoro wenyewe. Mgogoro ni pale watu wanaotegemeana kwa namna fulani wanapotaka vitu ambavyo wanaona haviwezi kupatikana vyote kwa pamoja. Hapo kwenye kutegemeana pana uzito. Mtu wa Tunduru na mtu wa Karagwe ambao hawajawahi kuonana hawana cha kugombania, wanaogombana ni wanaochota kisima kimoja, wanaouza soko moja, waliorithi shamba moja. Mapigano ni jambo jingine, ni njia mojawapo ya kuuendesha mgogoro na ndo mbaya kuliko zote. Kuna vijiji vina mgogoro wa mpaka tangu operesheni vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, na hakuna aliyewahi kupigwa hata kofi, na kuna sehemu mgogoro wa wiki moja umezika watu. Kwahiyo kiongozi akisema "hapa kwetu hamna mgogoro maana hatupigani" bado hajatuambia kitu, inabidi umuulize watu wake wanapeleka wapi malalamiko yao na wakiyapeleka yanasikilizwa au yanalala.

Mfano rahisi ni nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya umeme, LUKU. Wote wanachanga sawa, ila mama wa chumba cha mbele ana friji anauza barafu, na kijana wa chumba cha nyuma ana taa moja na chaja ya simu. Umeme ukikata katikati ya mwezi maneno yanaanza, kijana anataka mama alipe zaidi, mama anasema tulikubaliana sawa kwa sawa. Hayo ndo madai, yaani kile mtu anachokitamka. Chini ya madai kuna haja, kile anachokihitaji kweli, kijana hataki kubeba mzigo usio wake na mama hataki biashara yake ilale. Mkibaki kwenye madai lazima mmoja ashindwe, mkishuka kwenye haja mnaweza kufunga mita ndogo kwa yule mwenye friji kila mtu alipie anachotumia na hakuna aliyeshindwa. Ila kuna kitu cha tatu. Kama siku moja yule mama alimwambia kijana "wewe hata taa inakushinda" mbele ya wageni wake, hicho ni kinyongo, na mita ndogo haitoi kinyongo. Madai, haja na kinyongo, karibu kila mgogoro wa jamii unavyo vyote vitatu na kila kimoja kina dawa yake, na kosa kubwa la wanaoitwa kusuluhisha ni kutibu kimoja wakaondoka.

Sasa twende shambani kwenyewe. Watu wanapenda kusema ugomvi wa wakulima na wafugaji ni ugomvi wa makabila, na huo ni uelewa wa juu juu sana. Wafugaji wengi siku hizi wanalima mahindi yao wenyewe, na wakulima wengi wakivuna vizuri wananunua ng'ombe. Kuna mkulima anagombana na mkulima mwenzie, mfugaji na mfugaji mwenzie, na kuna mwenye mamia ya ng'ombe anaishi mjini hajulikani hata sura pale kijijini, anayekamatwa ni mtoto anayemchungia. Kabila linaingia baadaye, ugomvi ukishakua watu wanatafuta wa kusimama nao na walio karibu ni ndugu zao, hapo ndo jina la kabila linakuwa bendera.

Wengine wanasema tatizo ni uhaba wa ardhi basi. Kuna ukweli, sensa ya Tanzania ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na kidogo, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na ng'ombe peke yao nchi nzima sasa wamepita milioni 30, huku mashamba makubwa na maeneo ya hifadhi nayo yanataka nafasi yao. Lakini uhaba peke yake haushikishi watu mapanga, maana zipo sehemu zenye watu wamebanana kuliko Morogoro na hawauani. Mimi naona kinachogeuza uhaba kuwa damu ni pale watu wanapokata tamaa na anayetakiwa kuamua.

Kilosa, huko huko Morogoro, ndo sehemu ya kuliangalia hilo. Ni wilaya ya mabonde mazuri, sehemu kubwa ya ardhi yake ilichukuliwa na mashamba ya mkonge tangu enzi za ukoloni, mengine baadaye yakatelekezwa. Wafugaji walipewa vijiji vyao kama Twatwatwa, ila kiangazi maji na nyasi nzuri viko kule bondeni kwa wakulima. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa kwenye shambulio moja. Watafiti walioenda kuchambua yale mauaji hawakurudi na jibu la "ardhi imeisha" peke yake, waliongelea rushwa, waliongelea sera za miaka mingi zilizomuona mfugaji kama mtu wa kupita, waliongelea watu ambao hawakuamini tena kwamba ofisi yoyote itawatendea haki. Mkulima anaona mfugaji kauza ng'ombe wawili kamaliza kesi juu kwa juu, mfugaji naye anasema kila akikamatwa anatozwa faini kubwa haina hata risiti, na cha kusikitisha wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kwa wakati mmoja.

Pia kuna suala la kufukuza, ambalo wengi wanadhani ni suluhisho. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu kule Mbarali, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Mgogoro haukuisha, ulisafiri nao, ukafika Kilwa na Rufiji kwa wakulima ambao hawakuwahi kuishi na makundi makubwa ya ng'ombe na hawakuandaliwa kwa lolote. Na hii ya "warudi kwao" haina msingi hata kwenye sheria, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua matumizi ya wafugaji, imeweka mpaka utaratibu wa wakulima na wafugaji kutumia ardhi moja kwa makubaliano. Mfugaji kijijini ni mwanakijiji kama mwingine yeyote, japo na yeye hana ruhusa ya kuingiza mifugo kwenye mazao ya mtu, hilo halina mjadala.

Tuangalie sasa siku ng'ombe wakiingia inakuwaje, maana hapo ndo pa kujifunzia. Mara nyingi anayechunga ni kijana wa miaka kumi na kitu, ng'ombe hamsini na kiu, njia waliyopita mwaka jana imelimwa ufuta. Kundi likipita linakanyaga na kula, mwenye shamba anapiga kelele majirani wanatoka. Kuanzia hapo kuna kama saa mbili tatu zinazoamua kila kitu. Kama mwenyekiti wa kitongoji anapokea simu na anafika, na kuna mtu upande wa wafugaji ambaye naye anapokea simu na anafika, wanaenda wote na afisa kilimo wa kata shambani. Anapima kwa kamba au kwa hatua eneo lililoharibiwa, anaangalia mazao yalikuwa yamefikia wapi, anakadiria yangetoka magunia mangapi, anapiga kwa bei ya soko. Hapo wote wanaona. Mfugaji anaweza kubisha kwamba ile kona ya chini ilikuwa imekauka kabla, mkulima anaweza kusema bei uliyotaja ni ya msimu wa mavuno sio ya sasa, wanavutana, wanafika kwenye namba, inaandikwa, watu wanasaini. Kama hakuna anayefika, wenye hasira wanakamata ng'ombe wanawafungia, ng'ombe mmoja anakatwa mguu, wenye ng'ombe wanakuja usiku kuwachukua kwa nguvu na wamebeba silaha. Shamba ni lile lile na hasara ni ile ile, kilichopungua ni mtu wa katikati anayeaminika na pande zote aliyefika mapema.

Hapo sasa tunaweza kuziongelea njia za kumaliza mgogoro, na njia nzuri ya kuzitofautisha ni kujiuliza swali moja tu, nani ameshika uamuzi? Kwenye mazungumzo ya moja kwa moja wenye mgogoro wenyewe wanaongea na wao ndo wanaamua. Kwenye usuluhishi anaingia mtu wa tatu, anasaidia watu wasikilizane, anauliza, anapendekeza, lakini uamuzi bado wa wenyewe na mmoja akikataa hawezi kulazimishwa. Kwenye hukumu uamuzi unatoka mikononi mwao, unakwenda kwa hakimu au baraza lenye mamlaka, mmoja anashinda mmoja anashindwa na inatekelezwa apende asipende. Amri ya kiongozi, kama ile ya DC kupiga marufuku mifugo kuingia bonde fulani, inazuia watu wasiumizane leo, na kwa hilo ina kazi yake, ila haijasema shamba ni la nani wala njia ipite wapi. Maridhiano ni kitu cha mbali zaidi, ni kurudisha uhusiano, kutoa kile kinyongo, na yanaweza kuja baada ya hukumu, baada ya usuluhishi, au yasije kabisa. Kuridhiana pia hakumaanishi kwamba hasara isilipwe. Mtu aliyeliwa heka mbili za mpunga ukimwambia "samehe tu ni majirani" umemuongezea kidonda, alipwe kwanza alafu muombe asamehe.

Wanaochanganyikiwa zaidi ni watu wa baraza la kata, na sio kosa lao maana sheria ilibadilika. Zamani baraza la kata lilikuwa linasikiliza kesi za ardhi na kuamua, ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo ya kuamua, sasa hivi kwenye ardhi kazi ya baraza la kata ni usuluhishi. Ukienda pale ukitegemea waseme "shamba ni la fulani" umeenda na matarajio ya zamani, na baraza likiamua hivyo limevuka mipaka yake. Na pia huwezi kulikwepa, kwasababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakiwi kusikiliza mgogoro wa umiliki wa ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa cheti kwamba limejaribu kusuluhisha likashindwa. Zikipita siku 30 tangu ulipopeleka na hawajaumaliza, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hicho cheti, na hili watu wengi hawalijui wanazungushwa "njoo Alhamisi" miezi sita. Chini ya kata kuna baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu lazima wawe wanawake, nalo linasuluhisha tu. Na tena shauri la ng'ombe kula mazao ni dai la fidia sio la umiliki wa ardhi, mkishindwana linaweza kwenda mahakama ya mwanzo, na kama mtu amefanya makusudi kuharibu mali hiyo ni jinai, ni ya polisi.

Mtu atasema si bora yale mabaraza yangeachiwa nguvu yao. Mimi sioni hivyo moja kwa moja. Mtu wa kata anayejua kwamba hawezi kuhukumu inabidi afanye kazi ngumu zaidi, asikilize mpaka wenye mgogoro wakubaliane wenyewe, na hata anayetaka kumhonga anakuwa ananunua kitu kidogo kuliko zamani. Shida ni kwamba wajumbe wengi hawajafundishwa kusuluhisha, wamezoea kukaa mezani na kuuliza "shahidi wako yuko wapi". Hayo ni maswali ya kuhukumu. Msuluhishi anauliza kwanini kile kipande ni muhimu kwako, unaogopa nini ukikiachia, mwaka gani mliwahi kupitisha mifugo pale bila ugomvi na siku hizo mlikuwa mnafanyaje.

Kwa upande wa nani anafaa kukaa katikati, kuna jambo lilifanyika Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambalo kila anayehangaika na mambo haya angelijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame mkali, koo za wafugaji kule zilikuwa zinauana, na serikali ilikuwa inashindwa. Wanawake wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi ambaye baadaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, walianzia sokoni. Hawakuanza na mkutano mkubwa wa amani, walitaka kwanza kila mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza pale sokoni bila kubughudhiwa, na akibughudhiwa pawe na watu wa kulifuatilia siku hiyo hiyo. Soko lilipotulia ndo wakawafuata wazee, na waliotangulizwa kuwakutanisha wengine ni wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa kwenye vita, kwahiyo hakuna aliyewaogopa wala kuwashuku. Wakaingizwa vijana, maana vijana ndo waliokuwa na bunduki, wakaingizwa wafanyabiashara na watu wa serikali. Likatoka Azimio la Al-Fatah mwaka 1993 na baadaye kamati ya kudumu ya amani ambayo tukio likitokea inatuma watu haraka, kabla ng'ombe mmoja aliyeibiwa hajageuka kuwa maiti kumi.

Ila njia za kimila zisisifiwe kiholela. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, kwenye eneo hilo hilo la kaskazini mwa Kenya, liliweka fidia ya uhai wa mwanaume kuwa ngamia au ng'ombe 100 na wa mwanamke 50. Lilisaidia kuzima visasi, sawa, lakini mwanamke kahesabiwa nusu mtu na hakuna namna ya kulipamba hilo. Ndo maana Katiba ya Kenya ya 2010 inahimiza njia za kimila kwenye ibara ya 159 na hapo hapo inazikataza kuvunja haki za binadamu. Hata Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zikuze usuluhishi kati ya wenye migogoro. Baraza la wazee ambalo mjane hawezi kuongea kuhusu shamba la marehemu mumewe linaweza kuleta utulivu, ila haki haimo humo, na utulivu wa namna hiyo unamlemea mtu mmoja ili wengine wapumue. Kwahiyo ukiambiwa "tumeyamaliza kimila" uliza nani alikuwepo kwenye kikao na nani alikatazwa kuongea.

Narudi kwenye lile la kupeana mikono. Mkono unapeanwa kwenye kinyongo, wakati haja bado iko pale pale, ng'ombe kesho atataka maji na mahindi kesho yatakuwa bado hayajavunwa. Kinachoudumisha muafaka ni sheria ndogo ndogo za mambo madogo. Kule Kiteto kuna vijiji vitatu, Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, waliamua kupanga malisho yao kwa pamoja badala ya kila kijiji kujifungia mpaka wake, wakaunganisha vipande vya majina wakaliita eneo lile OLENGAPA. Walichofanya cha maana ni kukubali kwamba nyasi na maji havifuati mpaka wa kijiji, wakaainisha malisho, njia za mifugo na sehemu za maji kwenye mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kuyapatia malisho yale hati, na baadaye vijiji jirani navyo vikajiunga. Sio kwamba hawakuvutana, mipango ya namna hii inachukua vikao na miaka, na kuna watu walilima ndani ya malisho ambao kuwatoa ni kazi. Lakini ukiuliza njia inapita wapi kuna karatasi inajibu.

Kwenye kijiji kisicho na mradi wowote bado mnaweza kuandika makubaliano yenu, na yaandikwe kabla ya mavuno, mwezi wa nne au wa tano hivi, wakati hakuna aliyekasirika. Yaseme mifugo inaruhusiwa kuingia kwenye mabua kuanzia tarehe ngapi, maana mkulima anataka mbolea na mfugaji anataka mabua, hapo hakuna hata anayepoteza. Yaseme njia ya kwenda lambo ina upana wa hatua ngapi na itawekwa alama ya nini. Yataje nani anapigiwa simu kwanza upande huu na upande ule, na akiwa hayupo nani anashika nafasi yake. Yaseme hasara inathaminiwa na nani, ndani ya siku ngapi, inalipwa kwa nani na kwa risiti gani. Na kwenye kikao cha kusaini msiwaite wazee na laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, na mwenyekiti peke yao, waiteni na wale vijana wanaochunga pamoja na wanawake wanaoshinda mashambani, wao ndo watakaokutana pale njiani saa nane mchana.